Nafasi za Jina la Mama Felicitas

Mwaka wa 1995 nilikuwa mpimaji katika kiwanda cha makadamia, zile njugu za mitini, kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Embu, upande wa kwenda Kianjokoma. Nilisimama kwenye mizani tangu asubuhi, nikipima magunia ya wakulima na kuandika kilo mbele ya nambari zao. Felicitas alifanya kazi ndani, katika chumba cha kompyuta, chumba pekee pale kiwandani kilichokuwa na mapazia na ambacho huwezi kuingia kabla ya kufuta viatu. Watoto wetu wanaijua habari hii kwa vipande, kwa sababu mama yao ndiye aliyekuwa akiisimulia, na kila mara alianza kucheka kabla hajafika mwisho. Sasa hayupo, na mimi si msimulizi, kwa hiyo naiandika.

Kompyuta ilitoka Japani. Wanunuzi wetu wa huko walikuwa wamefunga ofisi yao moja, wakatutumia mashine iliyokuwamo, ndefu kama jokofu na yenye rangi ya maziwa yaliyolala. Ilikuja na skrini mbili, moja ya kawaida na moja iliyoweza kuonyesha maandishi ya Kijapani, na printa ya kuyachapa. Pamoja nayo alikuja Bwana Okabe, fundi mwembamba na mpole, aliyepangishiwa nyumba mtaa wa Dallas, hapo mjini Embu. Kwa wiki sita alizokaa nasi alijifunza Kiswahili cha kutosha kununua ndizi na kukataa kikombe cha nne cha chai.

Felicitas alikuwa kibarua wa miezi mitatu. Alimaliza kidato cha nne, mama yake akauza fahali, naye akaenda Nairobi kusoma kompyuta kwa miezi sita. Meneja wetu, Bwana Mutugi, hakumficha kitu siku alipomwandika. Kazi ya kudumu ilikuwa moja tu, na kulikuwa na kijana wa Nairobi mwenye diploma aliyeitaka. Kama sampuli za Japani zingetoka sawasawa, kazi ingekuwa ya Felicitas. Kama zingeharibika, yule kijana angeripoti Jumatatu.

Sampuli zenyewe zilikuwa pakiti mia mbili ndogo za makadamia yaliyokaangwa. Wanunuzi walitaka zitoke kwa kikundi kimoja tu, akina mama arobaini na watatu wa Kianjokoma, na kila pakiti iwe na lebo yenye nambari na jina la mama aliyepanda miti ile. Jina liwe kwa maandishi ya Kijapani, ili mteja wa huko aweze kulisoma. Bwana Okabe angeondoka nazo siku ya Alhamisi saa kumi jioni. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa limeshaagizwa.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, saa ya chakula cha mchana, Felicitas alinieleza kazi yake nyuma ya risiti ya mizani. Alisema kwamba kabla ya kuingiza jina lolote ndani ya mashine, lazima uiambie jina hilo litakaa wapi na litahitaji nafasi ngapi. Unajaza karatasi yenye mistari, unaandika sehemu hii inaitwaje, urefu wake ni gani na ni ya aina gani. Herufi zetu hukaa kila moja kwenye nafasi yake. Herufi ya Kijapani ni pana, inakalia nafasi mbili. Tena kuna alama mbili ambazo huzioni, moja mbele na moja nyuma, za kuiambia mashine kwamba herufi pana zimeanza na kwamba zimekwisha, na kila alama inakula nafasi moja. Nikamwambia hiyo ni kama boma la mbuzi, lenye lango la kuingilia na lango la kutokea. Akaniuliza mbuzi gani hao wenye adabu ya kutokea lango la pili. Lakini tangu siku hiyo alama zile aliziita malango.

Yeye na Bwana Okabe walipitia rejista ya kikundi jina kwa jina. Jina refu kuliko yote lilikuwa Gatwiri, lililochukua herufi tano za Kijapani. Wakaongeza moja ya akiba, zikawa sita. Sita mara mbili ni kumi na mbili, na malango mawili, kumi na nne. Felicitas akaandika kumi na nne, na kwenye safu ya aina akaandika J, maana yake sehemu ile inapokea herufi pana peke yake. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu.

Wajapani huandika majina ya wageni kwa kufuata jinsi yanavyosikika. Kwa hiyo mtu alihitajika kuyasoma majina yale kwa sauti, vizuri, bila haraka. Bwana Okabe alikuwa na redio ndogo ya kurekodi kaseti. Felicitas akanipa mimi kazi hiyo, kwa kuwa akina mama wale niliwajua wote.

Jumamosi nikakaa nyuma ya stoo, nikafukuza kuku, nikabonyeza kitufe. Rejista ilikuwa mapajani mwangu, lakini macho yangu yalifuata nambari, na mdomo wangu ukasema kile ulichokuwa umesema pale kwenye mizani kila siku kwa miaka minne. Nambari moja, Mama Njura. Nambari mbili, Mama Mutegi. Nambari tatu, Mama Mugendi. Mimi ni mtu wa Nkubu, kule Meru, lakini katika jambo hili Meru na Embu ni kitu kimoja: mwanamke wa umri wa mama yako humwiti kwa jina lake kama unayeita ndama. Kwenye mizani hakuna aliyekuwa Nkirote wala Wawira. Walikuwa mama wa watu. Nilisoma hadi nambari arobaini na tatu bila kukwama, nikajisifu moyoni, nikampelekea Felicitas kaseti.

Bwana Okabe alikwenda nayo nyumbani kwake, akaisikiliza na kuandika majina yote kwenye kimashine chake mwenyewe. Alhamisi asubuhi akaleta disketi. Felicitas akayamimina majina ndani ya faili aliyokuwa ameitengeneza, akawasha printa.

Lebo za kwanza zilitoka safi. Mama Njura alikaa vizuri, na Mama Mutegi pia. Ya tatu ilikuwa vituko. Jina lilikatika katikati, na mahali pa nambari ya mkulima palikuwa na alama ambazo hata Bwana Okabe hakuweza kuzisoma. Ya nne vivyo hivyo. Ya tano ilikuwa safi. Kufikia ya kumi, Bwana Okabe alikuwa amevua miwani.

Yeye ndiye aliyegundua kilichotokea. Majina marefu yalikuwa yamejaa hadi yakalisukuma nje lango la nyuma. Mashine haikuona mahali herufi pana zinapokwisha, basi ikaendelea kuzihesabu mbilimbili hadi kwenye nambari ya mkulima, ikaifanya nayo Kijapani. Lakini majina marefu yalitoka wapi? Walikuwa wamepima rejista nzima na hakuna lililozidi herufi tano. Felicitas akamwomba amsomee alichoandika kwenye nambari tatu.

Nilipoitwa kutoka kwenye mizani nilikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Felicitas alikuwa na rejista mkononi.

"Marete, nambari tatu imeandikwa nani hapa?"

"Nkirote."

"Na wewe ulisoma nani?"

Kabla sijajibu, Bwana Okabe akainama kidogo mbele ya skrini yake, akasoma kwa heshima kubwa, "Mama Mugendi."

Felicitas alicheka hadi akashika meza. Kisha akakumbuka ni Alhamisi, na kicheko kikakauka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo.

Bwana Mutugi alikuja kuona kwa nini printa imenyamaza. Alikuwa mtu wa kutatua mambo kwa mkato. Akasema hapana haja ya mkutano. Mimi nikae karibu na Bwana Okabe, nisome tena majina kama yalivyo kwenye rejista, yeye ayaandike upya, na kazi iishe kabla ya chakula. Haikuhitaji kubadilisha chochote ndani ya mashine. Kwa Felicitas hiyo ndiyo ilikuwa njia salama, na sote tulijua hivyo.

Nikavuta kiti. Nikasema Gatwiri, nikasema Wawira, nikasema Nkirote, kwa sauti ya mtu anayeungama. Huko nje, kwenye mizani, wenye majina hayo walikuwa wamepanga foleni na magunia, na niliwasikia wakiuliza mpimaji ameenda wapi. Nikaendelea hivyo hadi nambari kumi na sita. Nikafika kumi na saba, nikanyamaza.

Bwana Okabe akasubiri, vidole juu ya kibodi. Nikakohoa. Nikaomba maji. Bwana Mutugi akaniuliza kama maandishi hayasomeki. Nikasema yanasomeka. Akasema basi soma, na mimi nikaangalia ile karatasi kama kwamba jina lingeondoka lenyewe.

Nambari kumi na saba alikuwa Wambura, mama yake Felicitas.

Lazima nieleze hapa nilivyolelewa. Majina ya wale akina mama wengine niliyaona mazito mdomoni, lakini mtu akilazimishwa na kazi huyasema. Mama wa msichana unayetaka kumwoa ni jambo jingine kabisa. Jina lake hulishiki hata kwa mbali. Baba yangu alikufa akiwa hajawahi kulitaja jina la nyanya yangu wa upande wa mama, na alikuwa mtu wa kupiga kelele. Shida yangu ni kwamba Felicitas sikuwa nimemwambia neno. Tulikula pamoja mchana, tulichekeana, na kila jioni nilijiambia kesho.

Bwana Mutugi, ambaye alikuwa na wakwe watatu, alielewa kabla ya Felicitas. Akageuka akaangalia dirishani, mabega yakimtikisika. Felicitas alichukua rejista kutoka mkononi mwangu, akasoma nambari kumi na saba, akaniangalia, akaisoma tena. Kisha akaniuliza polepole, kwa Kiembu, ili Bwana Okabe asifuate, ni lini nilikuwa nimeanza kumheshimu mama yake kiasi hicho.

Nikasema tangu Februari.

Felicitas akarudi kwenye kiti chake, akaendelea kuangalia rejista kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akishuka na kalamu kutoka juu hadi chini. Bwana Mutugi akasema jamani, ni jina tu, yeye meneja atalisema mwenyewe, Bwana Okabe aandike Wambura na tusonge mbele.

"Yupi?" Felicitas akauliza. "Kuna Wambura kumi na mmoja humu."

Ilikuwa kweli. Kwetu mtoto huitwa kwa jina la bibi au babu yake, na bibi hao hawakuwa wengi. Mbali na wale Wambura, kulikuwa na Wawira tisa na Gatwiri sita. Katika kitabu changu walitofautishwa na nambari, na kwenye mizani walitofautishwa na watoto wao. Bwana Mutugi akasema nambari itakuwa kwenye lebo, inatosha. Felicitas akanigeukia mimi.

"Kwenye mizani kuna mtu anayeitwa Wambura?"

"Hakuna."

"Basi tunamwandikia nani?"

Bwana Okabe aliomba aelezwe, akaelezwa kwa Kiingereza cha watu watatu. Alipoelewa alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alisema kwao pia jina la mtu mzima haliachwi uchi, ofisini kwake hakuna aliyewahi kumwita Okabe kavu. Akaleta shauri la kifundi. Sehemu ile ya jina ingeweza kubadilishwa aina, kutoka J hadi G. Aina ya G haina malango, kwa sababu mashine inajua tangu mwanzo kwamba kila kilichomo ni herufi pana. Nafasi mbili za malango zingepatikana, nazo zinatosha herufi moja zaidi. Nafasi zingebaki zilezile kumi na nne, lebo isiguswe, na herufi zingekuwa saba badala ya sita.

Felicitas akahesabu orodha nzima kwa kidole. Mama Mugendi saba. Mama Mwenda saba. Wote waliingia isipokuwa mmoja. Mama Felicitas alikuwa herufi nane.

Bwana Mutugi akasema hapo sasa mambo yameisha. Huyo mmoja aandikwe Wambura, wengine wabaki mama wa watu. Akampigia Felicitas hesabu ya saa zilizobaki, na hakuwa akimtisha, alikuwa akimwonea huruma. Mimi nilitaka kusema kwamba nilikuwa tayari kulitaja jina lile mara mia ili asipoteze kazi. Nilifungua mdomo. Felicitas akaniambia ninyamaze, nimeshasema ya kutosha kwenye kaseti.

"Nitapanua," akasema. "Herufi kumi. Nafasi ishirini na mbili na malango yake."

"Felicitas, hiyo ni kazi yako unachezea."

"Najua, Bwana Mutugi."

Sikuruhusiwa kukaa. Wakulima walikuwa wakipiga mizani kwa fimbo, nikarudi. Lakini kila nilipopeleka gunia stoo nilipita karibu na dirisha lile, na sehemu iliyobaki nilisimuliwa na yeye mwenyewe mara nyingi.

Alirudi kwenye karatasi yake ya mistari, akafuta kumi na nne, akaandika ishirini na mbili. Akaitengeneza faili upya, akayamimina majina ya disketi ile ile. Sasa jina lilikuwa pana mno, likaisukuma nambari ya mkulima nje ya lebo, basi akaishusha nambari mstari wa chini. Saa nane na robo akawasha printa, nayo haikutikisika. Kwenye skrini yalitokea maneno ya kusema kwamba programu ya lebo haiijui faili hii. Akaangalia kama amekosea jina la faili. Hakuwa amekosea. Akamwangalia Bwana Okabe, na Bwana Okabe akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akatazama dari.

Felicitas alisema wakati ule alimchukia kabisa. Alikaa dakika tano bila kugusa kitu. Akafikiria yule kijana wa diploma akiingia Jumatatu na viatu vyake. Kisha ikamjia kwamba programu ya lebo iliundwa siku faili ilipokuwa na nafasi kumi na nne, na bado ilikumbuka kumi na nne. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa ikikataa kudanganywa. Alikuwa amehamisha nambari kwenye maandishi ya programu lakini hakuiunda tena. Akaiunda, akasubiri, akawasha printa mara ya tatu.

Zilitoka moja baada ya nyingine, mia mbili, na nambari kumi na saba ilikuwa imeenea bila kukatwa herufi hata moja. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Lililobaki lilikuwa kubandika. Bwana Mutugi akakunja mikono ya shati. Mimi nikafunga mizani dakika hamsini kabla ya saa yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla wala baadaye, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakaingia kusaidia. Tulibandika kwa kasi sana, na karibu nusu tulibandika kichwa chini miguu juu, kwa sababu kati yetu hakuna aliyejua juu ya maandishi yale ni wapi. Bwana Okabe alizunguka meza akigeuza pakiti na kucheka hadi machozi. Mama Mwenda alimwambia kwa Kiembu kwamba badala ya kucheka achore mshale. Hakumwelewa, lakini Felicitas alielewa, akachora kialama cha kalamu juu ya kila lebo iliyobaki. Zile zilizogeuzwa tulizibandua kwa kucha.

Gari liliondoka saa kumi na dakika ishirini. Kabla ya kupanda, Bwana Okabe alimvuta Bwana Mutugi pembeni. Bwana Mutugi hakutuambia aliambiwa nini hadi miaka mingi baadaye, kwenye sherehe ya kustaafu kwake. Yule mgeni alimweleza kwamba alijua tangu mwanzo kwa nini programu imekataa, akanyamaza makusudi ili meneja aone ni nani anayeijua mashine. Na akamwambia mtu mwenye diploma angeyakata majina.

Ijumaa mchana Felicitas aliitwa ofisini, akatoka na barua iliyokunjwa mara nne. Alikuja moja kwa moja kwenye mizani, akaiweka juu ya bamba, na mimi nikaangalia kipimo kwa uso mzito nikasema haijafika kilo. Akasema ndiyo barua nzito kuliko zote alizowahi kubeba, mizani yangu ni mbovu.

Jumatatu alianza kama karani wa kudumu. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kutengeneza faili ya wakulima wote waliobaki, mia sita na kitu, kwa njia ileile. Rejista haikumfaa. Alihitaji mtu wa kumwambia kila mmoja anaitwaje na watu wanaomheshimu, na mtu huyo alikuwa mimi. Kwa wiki tatu, kila jioni baada ya kufunga mizani, nilifuta viatu nikaingia kwenye chumba kile, nikakaa kando yake nikisema mama fulani, mzee fulani, naye akihesabu herufi.

Tulikuwa tumefika nambari mia mbili na kumi nilipopata moyo wa kumwambia yale ambayo kaseti ilikuwa imeshayasema. Niliyasema vibaya, kwa kurudiarudia. Aliniacha nimalize, kalamu ikiwa hewani.

"Tumalize kwanza ukurasa huu," akasema. "Halafu Jumapili uje nyumbani, mama amechoka kuniuliza mpimaji atakuja lini."